Tangi la Bi Mwatime

Bi Mwatime aliambiwa mambo mawili siku moja. La kwanza, magoti yake yote mawili yangepasuliwa na kutiwa vyuma, la kulia mwezi wa Novemba na la kushoto mwezi wa Januari. La pili, asingeshika usukani mpaka majani ya miti yarudi. La kwanza alilipokea kama mtu aliyeambiwa sukari imekwisha. La pili alimrudisha daktari nyuma mara tatu, na kila mara akamuuliza kama ana hakika.

"Ana hakika, Mama," alisema Nabil, mwanawe, aliyekuja kutoka Herndon kumpeleka hospitali. Nabil alikuwa kijana wa kompyuta. Alikuwa na miaka arubaini na minne, lakini kwa mama yake kijana ni kijana.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota ya rangi ya fedha, rika moja na mjukuu wake wa kwanza. Kwenye buti kulikuwa na ndoo mbili za plastiki, kata, kopo la kafuri na furushi la bafta nyeupe. Kwa maana Bi Mwatime alikuwa mwosha maiti. Mwanamke wa Kiislamu akifariki Silver Spring, au Beltsville, au hata kule Herndon, simu ilimjia yeye kabla haijawafikia shemeji na mawifi. Alikuwa na miaka sabini na moja, na kazi ile ameifanya hapa Marekani kwa miaka kumi. Ilifika hadi akiegesha gari mbele ya nyumba ya watu bila kuitwa, kwenda tu kuomba kitunguu, wenye nyumba walikuwa wakitazamana na kuhesabiana.

Kuendesha alijifunza ukubwani, baada ya kufa Mbarak, mumewe. Mtihani alianguka mara tatu. Mara ya nne alipita, na mwenyewe husema yule mtahini alimpasisha ili asimwone tena.

Sasa Nabil alikuwa amekaa kwenye kochi la mama yake, ghorofa ya tatu, amejikunja kama mtu anayetaka kusema jambo zito na suruali inambana.

"Mama, tuseme kweli. Gari likikaa miezi mitano kwenye baridi hii haliwaki tena. Afadhali niliuze sasa, maadamu linatembea."

"Na mimi nitembee na nini?"

"Nitakupeleka mimi."

"Wewe? Maiti akungoje mpaka umalize mikutano yako ya kompyuta?"

"Kuna Nadra, mkweo. Kuna teksi."

"Teksi! Niingie na ndoo zangu na sanda yangu, dereva aniulize, mama unakwenda kufagia nyumba ya nani? Nimjibu nini? Nimwambie leo namfagia Bi Fulani?"

Nabil alicheka bila kutaka, na kicheko kile ndicho kilichomponza, maana mama yake alijua akishacheka tu bei hushuka. Walivutana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakafikia hivi: siku daktari atakapomruhusu Bi Mwatime kuendesha, Nabil atakuja, atakaa kwenye kiti cha dereva na kupiga ufunguo mara moja. Moja tu. Gari likiwaka, ni la mama, na yeye Nabil hatasema neno tena juu yake. Lisipowaka, linaondoka siku hiyo hiyo.

"Sema wallahi," alisema Bi Mwatime.

"Mama, si tumekubaliana?"

"Sema."

"Wallahi. Sitasema neno."

Wakashuka pamoja mpaka kwenye maegesho, Bi Mwatime akishikilia ukuta. Nabil aliingia garini, akazungusha ufunguo kidogo ili dashibodi iwake, akatoa simu yake.

"Nazipiga picha namba za maili," alisema. "Likisogea hata maili moja, nitajua. Nakujua wewe."

"Alhamdulillahi. Nilidhani nimezaa mtoto, kumbe nimezaa polisi."

Nabil aliitazama dashibodi ile kidogo zaidi ya haja, akapiga picha, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni na kwenda nao Herndon.

Bi Mwatime alipanda ngazi pole pole, akijichekea. Kwani yeye alikuwa amekwisha kufanya yake. Siku mbili nzima kabla ya hapo alikuwa amelizungusha gari lile ovyo, akaenda Beltsville kuwasalimu watu asiowapenda, akarudi, akaenda tena, mpaka taa ya njano ya petroli ikawaka. Hapo ndipo aliporidhika. Kwao Mombasa, mitaa ya Kuze, kila mwenye akili alijua kwamba mtu akisafiri huliacha gari kavu. Mbarak alipokwenda Hija aliingiza mpira kwenye tangi, akavuta kwa mdomo, akainyonya petroli yote mpaka tone la mwisho, na akapanda ndege kinywa kinanuka kama kituo cha mafuta. Ndugu zake watano walikuwa wamekwisha kupanga kwenda harusini Malindi na gari lile. Waliingia, wakajaa, wakapiga ufunguo. Gari likaguna, likanyamaza. Wakashuka na mavazi yao ya harusi, mmoja mmoja. Bi Mwatime alikuwa dirishani siku hiyo, na mpaka leo akiwa na huzuni hulikumbuka tukio lile likampoza.

Na ufunguo? Ufunguo wa pili ulikuwa ndani ya mkebe wa udi, chini kabisa. Nabil hakuwahi kuugusa mkebe ule tangu utotoni. Udi ulimpigisha chafya.

*

Goti la kulia lilipasuliwa siku ya Jumatatu. Kwa wiki tatu zilizofuata aliyelitawala alikuwa Jerotich, jirani wa mlango wa pili, Mkenya wa Eldoret ambaye kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani. Akitoka kazini alipita kwa Bi Mwatime kabla hata ya kuvua viatu.

"Mama Nabil, kunja."

"Nimekunja."

"Hiyo si kukunja, hiyo ni kusalimia. Kunja!"

"Jerotich, mumeo Kibet anaishi vipi na wewe?"

"Kibet anakunja akiambiwa."

Jumamosi moja ya Desemba alikuja kumjulia hali Ndirangu, fundi mwenye gereji yake ndogo Beltsville, anayesali kanisa moja na Jerotich. Yeye ndiye aliyekuwa akilitengeneza gari la Bi Mwatime miaka yote. Alileta ndizi mbivu na kalenda ya gereji. Bi Mwatime alimmiminia chai, akamsogezea mahamri, na kwa kuwa alikuwa hajapata mtu wa kumsimulia hila yake, akamsimulia.

"Nimeliacha kavu, baba. Hata kijiko hakijai."

Ndirangu aliacha kutafuna. "Kavu aje, mathe?"

"Kavu. Taa ya njano inawaka kama jicho la paka."

"Aki, mathe." Alirudisha hamri kwenye sahani, na Bi Mwatime akajua jambo ni zito, maana Ndirangu hakuwahi kurudisha kitu kwenye sahani. "Na hiyo gari si utaitaka iwake mwezi wa nne?"

"Mara moja tu. Likikataa, Nabil analiuza."

"Basi ile kitu ulifanya, ni kama umemsaidia kuuza."

Akamweleza taratibu, akitumia bilauri na kifuniko cha sufuria. Petroli ya huku, alisema, huchanganywa na spiriti ya mahindi, na spiriti hiyo huvuta maji kutoka hewani. Tangi likiwa tupu limejaa hewa. Mchana kukipata jua kidogo na usiku kukiganda, hewa ile hutoa jasho, kama kifuniko hiki juu ya wali. Jasho linateremka, linaingia kwenye ile petroli kidogo iliyobaki chini. Na petroli yenyewe ikilala muda mrefu huchacha, ikafanya utando kama gundi kwenye mirija.

"Ikifika Aprili hapo ndani hakuna petroli, mathe. Kuna uji."

"Sasa dawa yake?"

"Dawa ni kujaza. Mpaka kwa shingo. Ikijaa, hewa itakaa wapi? Na iko dawa ya chupa, unaweka kwanza, halafu unamwaga petroli juu yake ichanganyike. Unawasha injini dakika kumi hivi, hiyo dawa ifike kila mahali. Halafu unazima, unaiwacha ilale."

"Nijaze tangi? Gari limesimama nje, mimi mgonjwa, na nijaze tangi? Walichukue watu waende nalo!"

"Watu gani?" aliuliza Ndirangu.

Aliuliza hivyo tu, bila ubaya, akinyoosha tena mkono kwenye hamri lake. Bi Mwatime alifungua mdomo amtajie. Akaufunga. Alimtafuta mtu mmoja, Silver Spring nzima, anayeweza kuja bila kubisha, achukue ufunguo msumarini, ajaze watoto wa watu ndani ya gari lake na kwenda nalo harusini bila kumwambia. Hakumpata. Wale ndugu watano wa Mbarak, wanne walikuwa makaburini na wa tano hakumjua tena mtu. Ni nani hapa aliyekuwa na ujamaa naye wa kutosha hata amwibie petroli? Hata Jerotich, anayelikamata goti lake kama unga wa chapati, hubisha hodi kwanza.

Mbarak alilikausha tangi kwa sababu watu walikuwa wengi. Yeye amelikausha kwa sababu Mbarak alilikausha.

"Limeshaharibika?" aliuliza mwishowe, na sauti yake haikuwa na mzaha.

"Wiki tatu si neno. Bado iko hai. Lakini tusingoje."

"Nabil amezipiga picha namba. Halitakiwi kusogea."

Ndirangu alifikiri, halafu akatabasamu. "Si lazima iende kwa petroli. Petroli inaweza kuja kwake."

*

Ikaja Jumapili, baada ya kanisa. Jerotich alikuwa bado na gauni lake la ibada na kofia yenye ua, na Ndirangu alikuwa na tai. Kila mmoja alibeba jerikeni jekundu, na Ndirangu alirudi kwenye gari lake mara ya pili kuchukua mengine mawili. Bi Mwatime alikaa dirishani, ghorofa ya tatu, goti juu ya mto, simu sikioni, akiongoza kazi ambayo hakuijua hata kidogo.

"Dawa kwanza! Ndirangu, umetia dawa kwanza?"

"Nimeweka, mathe."

"Jerotich, kofia yako inaingia kwenye tangi."

"Mama Nabil, nyamaza, watu wanatuangalia."

"Waache waangalie. Wanafikiri ni ubatizo."

Jerotich aliinama kwa kicheko mpaka petroli ikamwagikia kiatu chake cha kanisani. Walimimina mpaka ikaonekana inakaribia shingoni, wakafunika. Ndirangu alitoa ule ufunguo wa pili, akaunusa, akauliza kwenye simu kwa nini unanuka kama msikiti. Akaliwasha gari likiwa limesimama pale pale. Bi Mwatime alitazama moshi mweupe ukitoka nyuma kwa dakika kumi, na kwa dakika kumi zile hakusema lolote, jambo ambalo Jerotich alilieleza baadaye kama muujiza wa kwanza aliouona kwa macho.

Kisha Ndirangu akafungua boneti, akaichomoa betri, akapanda nayo ghorofani akihema. "Hii nayo ikae kwa nyumba, baridi isiimalize. Na mathe, nisikie. Usijaribu kuiwasha wewe. Dakika mbili leo, dakika mbili kesho, hiyo inaharibu tu. Ikilala, iwache ilale."

Betri iliwekwa pembeni ya kochi, juu ya kipande cha ubao, ikafunikwa leso. Ijumaa iliyofuata Nabil alikuja na samaki, akakaa mahali pake, akaweka kikombe chake cha chai juu ya leso ile. Bi Mwatime alilazimika kwenda jikoni kucheka. Miezi mitatu Nabil alinywea chai juu ya betri ya gari analotaka kuliuza, na mara moja alisifu kwamba meza ile ni ndogo lakini imetulia.

*

Theluji ilikuja ikalifunika gari mpaka likawa kama kaburi la mtu mnene. Goti la kushoto nalo likapasuliwa, na likauma kuliko la kwanza, maana la kwanza lilikuwa halijui litakalolikuta. Bi Mwatime alikuwa mtu wa asubuhi, wa kutoka. Sasa asubuhi zilimjia zikamkuta amekaa. Alitazama chini, akahesabu nyayo za ndege juu ya paa la gari, akajiuliza kama mle ndani ya tangi, gizani, petroli imetulia au inaanza kugeuka. Hakuna wa kumjibu. Huwezi kulifunua tangi ukaonja kama mchuzi. Unatia ulichotia, unafunika, unangoja.

Mwezi wa Februari alifariki Bi Ummu, Mzanzibari wa Beltsville, shoga yake wa miaka mingi. Simu ikamjia Bi Mwatime kwanza, kama kawaida. Alijaribu kusimama, na Jerotich akamkalisha kwa kidole kimoja.

"Huendi popote. Wiki mbili tu tangu ukatwe."

"Nani atamwosha?"

Jerotich hakujua. Wala Bi Mwatime hakujua, kwani miaka kumi hakuwahi kumfundisha mtu. Aliyetaka kusaidia alipewa kazi ya kushika kata. Watu walisema ni kwa sababu ya heshima ya maiti. Mwenyewe, pale kitini, alijiambia vingine: alipenda simu ije kwake tu.

Aliyekwenda alikuwa Nadra, mke wa Nabil, na wanawake wengine wawili. Nadra alipiga simu kabla hawajaanza, akauliza aanze wapi. Bi Mwatime alimwambia: upande wa kulia, viungo vya udhu kwanza, stara isitoke hata ukiwa peke yako, kafuri mwisho, na ongea naye kwa upole kama anasikia. Simu ikakatwa. Saa mbili zikapita. Halafu ujumbe: "Tumemaliza, Mama. Alikuwa mwepesi."

Alingoja wiki nzima mtu apige simu kusema kuna lililokosewa. Hakupiga mtu. Bi Ummu alikuwa ameoshwa, amesaliwa, amezikwa, na dunia haikuuliza Mwatime yuko wapi. Alimlilia shoga yake, na ndani ya kilio kile, akiwa mkweli, kulikuwa na machozi kidogo ya kujililia mwenyewe. Akatazama tena gari chini. Sasa lile la kusema wafu wananingoja lilikuwa limepungua uzito, na bado alilitaka liwake. Alilitaka zaidi. Hilo lilimshangaza.

*

Daktari alimruhusu mwanzoni mwa Aprili. Ndirangu alikuja siku ya Ijumaa, Nabil akiwa kazini, akairudisha betri mahali pake na kuondoka bila kupiga ufunguo. "Hiyo ya kwanza ni ya kijana," alisema. "Tusimwibie."

Jumamosi asubuhi Nabil aliingia, akakaa, akanyoosha mkono na kikombe, na kikombe kikabaki hewani.

"Ile meza ndogo iko wapi?"

"Nimeigawa."

"Ilikuwa meza nzuri."

"Ndiyo maana nimeigawa. Twende."

Maegeshoni miti ilikuwa imetoa vichipukizi. Jerotich alikuwa nje anatupa takataka, na alizitupa kwa muda mrefu sana kwa mtu mwenye mfuko mmoja. Nabil alifungua mlango, akakaa. Bi Mwatime alisimama kando, fimbo mkononi, magoti mapya chini yake. Alikuwa ametayarisha maneno ya mzaha tangu juzi, na sasa yote yalikuwa yamempotea.

"Mara moja, Mama."

"Mara moja. Piga."

Nabil akapiga. Gari likakohoa kama mzee aliyeamshwa kabla ya wakati, likasita, na moyo wa Bi Mwatime ukasita nalo. Kisha likashika. Likanguruma, likatulia, likaendelea kunguruma kama halijawahi kulala.

Jerotich alipiga kigelegele cha kwao, na takataka zikamwagika.

Bi Mwatime alimgeukia mwanawe ili amtambie, lakini Nabil hakuwa akimtazama. Alikuwa akiitazama dashibodi. Akatoa simu, akatafuta picha, akaiweka karibu na mshale wa mafuta.

"Mama. Siku ile taa ilikuwa ya njano. Leo mshale uko juu kabisa. Na maili ni zile zile."

"Baraka hiyo."

"Mama."

"Theluji ilikuwa nyingi mwaka huu. Imeyeyuka ikaingia."

"Mama!"

"Hebu nione hiyo picha." Akaichukua simu, akaisogeza mbali kama wanavyofanya wenye macho ya zamani. Namba za maili zilikuwapo, na chini yake taa ya njano, wazi kabisa, kama jicho la paka. Aliitazama kwa muda. Aliporudisha simu, uso wake ulikuwa umebadilika. "Kwa hivyo uliiona."

Nabil alirudisha simu mfukoni.

"Uliiona taa. Wewe msomaji wa kila kitu. Ulijua tangi tupu likilala baridini linakuwaje?"

"Nilisoma baadaye, nyumbani," alisema Nabil. Halafu, kwa sababu hakuwa mwongo mzuri: "Nilisoma kabla. Nilipoiona taa nilijua halitawaka."

"Ukanilia yamini."

"Nilikula yamini kwamba likiwaka ni lako. Na ni lako." Aliuachia usukani, mikono ikaanguka mapajani. "Mwaka jana mwezi wa pili, Mama. Barabara zote barafu tupu. Ulikwenda Beltsville alfajiri na hukumwambia mtu. Nilikupigia simu mara tisa."

"Nilikuwa naosha. Simu siingii nayo, wajua."

"Mimi nilikuwa nyumbani Herndon na simu mkononi. Sikujua unaosha au unaoshwa."

Injini iliendelea kunguruma. Jerotich, aliyekuwa akiokota takataka, aliona ni vyema akaziokotee upande wa pili wa jengo.

Bi Mwatime aliegemea mlango wa gari. Aliwaza hila yake ilivyokuwa ya furaha, ufunguo kwenye udi, betri chini ya leso, na wakati wote mtoto huyu naye alikuwa na hila yake, isiyo na furaha hata kidogo. Amekuja Ijumaa zote hizo na samaki, akangoja gari la mama yake life pole pole, na akilala usiku analala kwa sababu hiyo. Hasira ilimjia, ikamkuta hana pa kuiweka.

"Bi Ummu ameoshwa bila mimi," alisema. "Na hakulalamika."

"Mama, sikusema hivyo ili—"

"Nimesema mimi. Maiti hawanitaki kiasi hicho, Nabil. Nadra amefanya vizuri. Gari nalitaka kwa ajili yangu. Nikiamka asubuhi mtu asiniulize nakwenda wapi na narudi saa ngapi. Babako alikufa sijawahi kwenda dukani peke yangu. Nina miaka kumi tu ya kwenda ninakotaka. Sijashiba."

Nabil aliitikia kwa kichwa pole pole. Jambo lile halikuwa la kutatuliwa na kompyuta.

Bi Mwatime alifungua fundo la leso yake kiunoni, akatoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha mwanawe. Nabil alitazama ule uliokuwa kwenye gari, akatazama huu.

"Huu ulikuwa wapi?"

"Kwenye udi."

Akaunusa, akapiga chafya. Akapiga nyingine.

"Kaa nao huo," alisema Bi Mwatime. "Kukiwa na barafu, unakuja unaendesha wewe, na mimi nitakaa nyuma na ndoo zangu kama malkia. Hata iwe alfajiri. Hata uwe na mkutano. Kukiwa kukavu, uniache. Na siku ukilihitaji gari, lichukue, usiniulize. Nenda nalo harusini. Nenda nalo Malindi."

"Malindi?"

"Sogea kule. Ndirangu amesema petroli iliyolala lazima itumike, haifai kukaa zaidi. Twende kwako nikamchukue Nadra. Kuna mambo ya hizi ndoo sijamwambia mtu."

Nabil alihamia kiti cha abiria, akafunga mkanda, akaukaza. Bi Mwatime aliingia kwa hatua, goti moja, kisha la pili, akashika usukani, akalirudisha gari nyuma. Ndoo mbili ziligongana kwenye buti. Akaikata kona ya maegesho kwa kishindo kidogo, na Nabil akashika mpini juu ya dirisha.

"Polepole, Mama."

"Umekula yamini hutasema neno."

"Nimesema polepole tu."

"Hilo ni neno," alisema Bi Mwatime, akaingia barabarani.